Mholi wa Getini

Wanangu, malizieni kuchambua mboga hizo, mzitie chunguni, mnisikilize, kwa maana nimekatizwa kazi yangu na habari ya kijinga: kaka yenu mkubwa ameazima msumeno, kesho anakata mholi wa getini apate pa kuegesha gari, eti mti gani huo wa miiba usiotoa tunda hata moja. Wewe mkubwa, baba yako naye hakuwahi kubeba mimba, mbona hatukumkata?

Umesoma mpaka ukavaa joho, na hujui kwamba miholi ina dume na jike. Jike ni ule wa dirishani kwangu, ambao mkeo hupiga picha matunda yake mekundu akajisifu. Na ule unaoutukana ndio dume lake. Ukikatwa, nyuki watamletea jike nini? Hewa? Baba yenu alifanya upumbavu huohuo, tukakaa miaka saba bila tunda, akalaumu udongo, akalaumu mbolea, akamtukana jirani, mpaka nikaenda kwa jirani huyohuyo kuomba kitawi cha dume nikipande. Alinipa, lakini alicheka mpaka akakohoa, na kicheko kile sijamsamehe.

Daktari ameshaniambia, kwa hiyo sitazunguka. Nyumba ni yenu wote. Bustani namwachia mke wa kitinda mimba wangu, ambaye hakutoka tumboni mwangu lakini huuliza kabla ya kukata. Ukitaka kununa, mkubwa, nuna. Gari lako litalala barabarani, halitapata mafua.

Mkwe wangu, usipande mbegu, utangoja miaka hujui umelea nini. Kata kitawi cha mti unaoujua. Ukiwa na shaka, tazama ua: la dume lina vumbi la njano, la jike lina kidonge cha kijani katikati. Maji yasituame shinani. Na vaa glavu ngumu, miiba ile haijui mkwe.

Ngojeni... nivute pumzi. Msinipepee, mimi si mkaa.

Mkubwa, lete msumeno. Uweke hapa, chini ya kiti changu. Hivyo. Leo umenisikia; ulipokuwa mdogo ilichukua fimbo.

Mungu awape akili, maana afya... afya alishawapa. Pakua, mama. Mkubwa yupo. Dada mtu yupo. Kitinda mimba... yupo. Wake zenu, wawili. Hakuna aliyeondoka kwa hasira. Basi kuleni.