Mkono wa Bashi Chola

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bw. Lameck Kabaso anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kutushusha ardhini na kutupandisha tukiwa hai. Wengi wenu mnamwita Bashi Chola, yaani Baba Chola, kwa jina la binti yake wa kwanza, na ndivyo nitakavyomwita hapa, maana nikiandika "Bw. Kabaso" mpaka mwisho hata yeye atauliza ni nani anayeagwa. Kamati ya sherehe imenikabidhi kazi hii mimi, Evaristo Mutale, msimamizi wa zamu ya asubuhi. Wanasema nimeshushwa na mkono wake kuliko mtu yeyote aliyebaki kazini, na Jumamosi ndiye mwenzangu wa gofu.

Alianza kwa kupaka grisi kamba za chuma, akapanda mpaka akakalia kiti cha nyumba ya mashine, mbele ya wenzo. Nyinyi wa ofisini ambao hamjawahi kushuka, eleweni hivi: kizimba ni sanduku la chuma linaloning'inia kwenye kamba, ndani yake tunasimama watu arobaini bega kwa bega, na chini yetu kuna shimo ambalo si vizuri kulifikiria kabla ya chai. Mwendeshaji hatuoni. Anasikia kengele, anatazama saa ya kina, anavuta wenzo. Kila mwendeshaji ana mkono wake, na sisi hatuhitaji kuambiwa nani yuko zamu, kwa sababu magoti yanajua. Mkono wa Bashi Chola uliondoka taratibu, kama mama anayechomoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Kuna watu walisinzia wakishuka naye.

Sasa gofu. Kila Januari, wanachama wa klabu yetu ya mgodi husimama barazani mmoja mmoja na kutaja lengo la mwaka. Asiyelitimiza huwakaangia wote viwavi Desemba na kuwahudumia kwa mkono wake. Basi wengi hujigamba. Utasikia mtu anasema mwaka huu atashusha handikapu yake, yale mapigo ya ziada anayoruhusiwa, mpaka kumi, na Desemba unamkuta amefunga aproni. Bashi Chola hakuwa na majigambo. Yeye alitaja anachokiogopa.

Mwaka wake wa kwanza alisimama akasema, "Mimi naogopa dirisha." Tukacheka mpaka machozi. Pale pa kuanzia mchezo pako chini ya dirisha kubwa la klabu, na ndani wanakaa wakubwa na wake zao wakitazama nani atajiaibisha. Siku yake ya kwanza Bashi Chola alipiga mpira ukaenda kando, ukatua kwenye chungu cha mhudumu, ndani ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Lengo lake halikuwa alama. Alitaka tu mpira uende mbele huku watu wanamtazama. Bana Chola, mkewe, aliwaalika akina mama wa kanisa, wakakaa uani kwa mistari, wakamkodolea macho mumewe akizungusha fimbo, na yeyote aliyeona haya akaambiwa akodoe zaidi. Kufikia Agosti dirisha halikumtisha tena.

Baadaye aliogopa bwawa la shimo la saba. Bwawa lile lina mamba, na wachezaji wengi hupiga mpira kulizunguka kwa mbali, wakisema wanatafuta nyasi nzuri. Yeye alisema wazi kwamba anawaogopa mamba, na kwamba lengo lake ni kuvusha mpira juu ya maji. Ilimchukua miaka miwili. Desemba ya kwanza alikaanga viwavi akaviunguza, na Alick Jere, mwendeshaji mwenzake wa nyumba ya mashine, hakumwachia. Jere ni Mngoni na Bashi Chola ni Mbemba, kwa hiyo ni watani: huyu humwita mwenzake mla nyani, na yule humwita mla panya.

"Mbemba anashindwa viwavi!" alipiga kelele. "Angekuwa nyani ungemkaanga vizuri."

"Nyamaza, mla panya. Kula, au nikuletee mkia?"

Hivyo ndivyo handikapu yake ilivyoshuka kutoka ishirini na nane hadi kumi na nne. Alishughulikia hofu moja, akaimaliza, ndipo akafungua nyingine. Vijana wa klabu mnaonunua fimbo mpya kila mkikosea, naomba muisome sentensi hiyo mara mbili.

Januari ya mwaka huu alisimama tena barazani.

"Mwaka huu naogopa mpira wa karibu," alisema. "Ule ulio urefu wa mkono tu kutoka shimoni. Nataka mpaka Pasaka usinitishe."

Jere akaruka. "Mudala, mzee wetu! Huo hata nyanya yangu anautumbukiza kwa mkongojo!"

Baraza zima likacheka, na Bashi Chola akacheka nasi. Lakini hakukaa upesi. Aliutazama mkono wake wa kulia, halafu akautia mfukoni.

Mimi nilianza kuogopa mwezi Machi. Mnajua kwamba kwetu mashimo hayako kwenye nyasi laini. Yako kwenye kahawia, yale mapande ya mchanga uliochanganywa na mafuta machafu, na kabla ya kupiga mpira wa karibu lazima uisawazishe njia kwa kibao. Siku hiyo alisawazisha kwa muda mrefu, mchanga ukawa laini kama nsima, ugali wetu, iliyosongwa vizuri. Kisha akashika fimbo, na mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Si sana. Kama kifuniko cha sufuria maji yanapoanza kuchemka. Mpira ukapita kando ya shimo.

"Upepo," alisema bila kunitazama. Hakukuwa na upepo.

Nilirudi nyumbani nikiwaza zamu. Jumatatu ningesimama ndani ya kizimba na watu wangu, na juu yetu sote ungekuwapo mkono ule. Nilishuka wiki hiyo nikihesabu pumzi, na wiki iliyofuata pia. Kizimba kilikwenda laini kama siku zote, na laini hiyo haikunisaidia kitu. Mtu akishaogopa, hata utulivu humtisha.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka nilimuuliza tukiwa njiani kuelekea shimo la mwisho.

"Bashi Chola, mkono una nini?"

"Unajifunza gofu upya."

"Na kule kwenye mashine?"

"Kule bado umetulia," alisema.

Neno lile "bado" lilibaki nami. Alifika kwenye kahawia, akasawazisha njia, akasimama juu ya mpira. Ulikuwa urefu wa mkono. Mtoto angeutumbukiza. Nilijikuta naomba Mungu kama naombea mgonjwa. Mkono ukatetemeka, mpira ukagusa ukingo wa shimo, ukatoka. Aliuokota, akanipa mimi, akasema, "Basi." Akaenda zake hata kinywaji hakugusa.

Jumanne baada ya sikukuu tuliingia kizimbani. Lango likafungwa, kengele ikalia. Kizimba hakikuondoka taratibu. Kilianguka ghafla kimo cha kigoda, kikasita, kikawa kinaning'inia huku kinacheza. Taa za kofia ziligongana kwenye chuma. Mtu nyuma yangu aliita, "Yesu wangu!"

"Nani yuko juu?" aliuliza Siame, mchimbaji wangu wa siku nyingi. "Huyu si Bashi Chola."

"Ni yeye," nikasema, na sauti yangu mwenyewe iliniogopesha. "Ni yeye, mkono wake unatetemeka!"

Sikupaswa kusema, lakini hofu haina adabu. Wote wakasikia. Wengine walianza kusali kwa sauti, wengine walishikana mashati. Niliwaona wanangu mbele ya macho yangu, na nilimwona Bashi Chola amekaa kule juu, mkono ule juu ya wenzo, akipambana nao kama alivyopambana na mpira. Kizimba kikashtuka tena, kikashuka, kikasita, kikashuka, kikagonga kituo chetu kwa kishindo. Watu walitoka wakitambaa. Mimi nilikimbilia simu ya ukutani.

"Toka kwenye hicho kiti!" nilifoka. "Bashi Chola, nakuomba, toka!"

"Baba Mutale, ni mimi, Jere." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mzee hayuko kwenye kiti. Amesimama nyuma yangu, mikono mfukoni. Ananitukana kwamba nawavuta kama ng'ombe wa Wangoni."

Jere alikuwa na cheti chake, lakini miaka yote alipandisha mawe, na mawe hayalalamiki. Mkono ule ulioturusha ulikuwa mgeni kwetu, tena mkono mzima wa afya. Mkono tuliouogopa ulikuwa umeshajiondoa.

Jioni nilipanda kwenye nyumba ya mashine, na Bashi Chola akanieleza. Lile lengo la Januari lilikuwa na nusu ya pili, ambayo hakuitaja barazani: mpira wa karibu ukimshinda mpaka Pasaka, hatashika tena wenzo. Jumapili ya Pasaka, akitoka kanisani, alikwenda nyumbani kwa mhandisi mkuu kumwambia. Mhandisi alimshangaa. Hakuna aliyelalamika, mashine ilikwenda vizuri, na kustaafu kulikuwa mlangoni.

"Nikamjibu," alisema, "mtu hangoji mamba atoke majini ndipo aamini bwawa lina mamba."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Tangu mwaka jana. Kila kengele ikilia, Mutale. Kila kengele."

Mimi nilikuwa nimeogopa majuma machache tu, nikakonda.

Daktari amesema ni mishipa ya fahamu. Ugonjwa huo hautamuua, ila hautamwacha. Tangu Pasaka amefanya kazi ya kumfundisha Jere, akisimama nyuma ya kiti bila kugusa chochote, na leo magoti yetu yameanza kumkubali yule Mngoni. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, ingawa kwenye cheti cha utumishi haitaandikwa.

Wiki iliyopita alisimama barazani nje ya msimu.

"La Pasaka limenishinda," alisema. "Desemba viwavi ni vyangu. Lakini mwaka haujaisha, na ninalo lingine. Naogopa kizimba."

Safari hii hakuna aliyecheka. Alitueleza kwamba alishuka mara moja tu, mwaka alioajiriwa, akapandishwa akiwa amefumba macho, akaomba kazi ya juu na hakushuka tena. Miaka yote hiyo alituvutia wenzo taratibu kwa sababu alijua hofu iliyokuwa ndani ya lile sanduku, ilikuwa yake.

"Usijali, mudala," Jere akasema, "nitakushusha kama yai."

"Yai umeshalivunja siku ile, wewe!"

Kwa hiyo ratiba ya Ijumaa imebadilishwa. Saa nne asubuhi, kabla ya hotuba na kabla ya chakula, Bashi Chola atashuka na zamu yangu. Kwa niaba ya wote uliowarudisha kwa wake zao na watoto wao, asante, mzee wetu, na asante Bana Chola kwa kukuazima kwetu. Mbele yako pawe na afya, wajukuu na mipira inayovuka maji. Umeomba jambo moja tu, nisimame kuliani kwako niushike ule mkono mpaka chini, na nimekubali. Utatetemeka, na wangu utatetemeka pia, lakini hatutauachia.