Redio Isiyokuwa na Ubovu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu, mguu mmoja umetiwa tofali, limeegemezwa ukutani kati ya kibanda cha fundi redio na kibanda cha kinyozi, nyuma ya jengo la wizara. Jumamosi ile walikuwa wanne, kama kawaida yao. Tetesi, yule kinyozi, ambaye kwake hakuna habari isiyoongezwa mkia. Gia, dereva mstaafu wa serikali, asiyeweza kusimulia jambo bila mkono wake kubadilisha gia hewani. Mwalimu, mstaafu naye, mtu wa shati lililonyooka na maneno machache. Na Fundi mwenyewe, ambaye, birika halijafika hata nusu, alikuwa ameshamwaga kahawa mara mbili. Gazeti lilikuwa mapajani mwa Mwalimu. Lilisema kuanzia Jumatatu mafaili ya zamani ya majasusi yatafunguliwa, na kila aliyewahi kukamatwa ataruhusiwa kusoma lake. Mwalimu alikuwa ameshajiandikisha. Namba yake ilikuwa kumi na nne.

— Mji huu, jamani, ulikuwa na majasusi kuliko kunguru, — alianza Tetesi. — Mnaikumbuka barabara ya ubalozini? Ilikuwa na wafagiaji wawili. Mmoja anafagia kushuka, mwenzake anafagia kupanda. Wote majasusi! Wa nchi mbili mbalimbali, na kila mmoja anadhani mwenzake ni mfagiaji wa kweli.

— Acha uongo wako, — alisema Gia.

— Uongo? Siku waliyoondoka ndiyo siku takataka zilipoanza. Kapite pale sasa hivi uone!

Fundi alicheka kabla ya wenzake, na wenzake walipomaliza yeye alikuwa bado anacheka. Mwalimu akamgeukia.

— Fundi, unaumwa?

— Mzima, Mwalimu. Mzima kabisa.

Mzima wapi! Tangu Alhamisi, habari ile ilipotangazwa, hakuwa amepata hata lepe la usingizi.

— Ya wafagiaji ni ndogo, — Gia alitia gia ya pili. — Lile sanamu la kuvalishia nguo, dirishani kwa mshonaji? Likivaa koti, mkutano wa siri upo. Likivaa gauni, mkutano umevunjika. Basi siku moja mke wa mshonaji akalivisha koti juu ya gauni, alivyoona yeye linapendeza. Jioni ile ile mabalozi wawili walifungasha virago!

— Na nywele je? — Tetesi hakubali kushindwa. — Nilipokuwa namnyoa waziri, kuna bwana alikuwa anakuja nyuma yake kuniomba nywele zilizoanguka. Eti anajazia mto.

— Ukampa?

— Nilimpa za jirani yangu. Huko walikozipima wameandika mpaka leo kwamba waziri ana chawa.

Benchi lilitikisika kwa kicheko, hadi tofali likasogea. Mwalimu peke yake hakucheka.

— Mimi hayo yote hayanihusu, — alisema. — Nataka jina moja tu.

Hapo kila mtu alitazama kikombe chake, maana kisa kile walikijua. Miaka thelathini na miwili nyuma, Mwalimu alitoa mzaha hapa hapa benchini. Alisema wanafunzi wake hawahitaji tena vijiti vya kuhesabia, anawasogeza dirishani tu wahesabu magari ya mawaziri, na anayefika gari la mwisho anastahili kwenda chuo kikuu. Walikuwepo watu wanne: Mwalimu, mdogo wake wa damu, Fundi, na muuza magazeti ambaye sasa ni marehemu. Siku tatu baadaye, Ijumaa ya tarehe kumi mwezi wa nane, kipindi cha pili, Mwalimu alichukuliwa darasani chaki ikiwa mkononi. Akakaa ndani miezi kumi na minane. Alipotoka aliambiwa kwamba wiki ile mdogo wake alionekana na viatu vipya. Basi. Kuanzia siku hiyo hakuitikia tena salamu yake. Mdogo mtu alipofariki, miaka mitano iliyopita, Fundi alikwenda kuzika na Mwalimu alishinda hapa benchini.

— Jumatatu nitajionea kwa macho yangu, — aliendelea Mwalimu. — Nione mtoto wa mama yangu alivyoniuza. Halafu nitapumzika.

— Mwalimu, ya nini kujitonesha? — Fundi alidakia. — Yameshapita. Na macho yenyewe yanakusumbua.

— Nitavaa miwani miwili.

Fundi aligeuza shingo akachungulia ndani ya kibanda chake. Juu ya meza ya kazi palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa. Bwana aliyemfundisha kazi, mkali yule, alimtia kichwani sheria mbili. Ya kwanza, kitu hakipandi kwenye shelfu bila kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, kikisema ni cha nani, kina ubovu gani, kimeletwa lini. Ya pili, kitu cha mteja hakiuzwi wala hakitupwi, hata mwenyewe akipotea. Asubuhi ile Fundi alikuwa ameshusha redio moja ya zamani kutoka nyuma kabisa ya shelfu, akaanza kufungua uzi wa kikaratasi chake. Kabla hajamaliza akamsikia Mwalimu akipiga hodi mapema, akaitupia kitambaa.

— Sasa nawapa la mwisho, — Gia alishusha sauti na gia pamoja. — Hili hata mama watoto sijamwambia. Nilimwendesha bwana mmoja wa idara ile ya majasusi. Kila Alhamisi ananiambia, simama hapa. Mkononi ana kiatu, kizima, hakina hata mkwaruzo. Anampelekea fundi viatu! Wiki ijayo ana saa inatembea vizuri, anampelekea fundi saa. Anakaa nusu saa, anarudi. Nikajiuliza, vitu vya mtu huyu vina ugonjwa gani? Kumbe anafuata mdomo wa fundi! Mafundi wanashinda na watu, wanasikia kila kitu.

— Lo! — Tetesi alijipiga mapaja. — Leo umetupita wote, Gia! Nani mwenye akili timamu anapeleka kiatu kizima kwa fundi?

Hata Mwalimu alitabasamu. Fundi alisimama.

— Ngoja nikaangalie pasi ya mteja.

— Mteja mwenyewe huyu hapa! — ilijibu sauti ya kike. Alikuwa muuguzi mpya wa zahanati ya mtaa wa pili, hana hata mwezi mahali pale. Aliwaamkia wazee, akaegemea dirisha la kibanda. — Shikamoo, Fundi. Imepona pasi yangu?

— Marahaba, mwanangu. Imepona.

Fundi akaichukua pasi. Na kwa kuwa katika maisha yake hajawahi kumkabidhi mtu kitu bila kukifuta vumbi, mkono wake ulikwenda wenyewe mezani, ukavuta kitambaa.

— Eh, redio nzuri hii! Inauzwa?

— Hapana. Ni ya mtu. Pasi yako hii, chukua, chukua.

Lakini yule ameshazoea kusoma karatasi za wagonjwa. Alishakigeuza kikaratasi, akasoma kwa sauti ya wodini:

— Mwenyewe: bwana wa Alhamisi. Ubovu: hakuna. Tarehe tisa, mwezi wa nane... — Akautazama mwaka, akacheka. — Hata mimi sijazaliwa! Samahani, Fundi, kama haikuwa na ubovu, aliileta ya nini?

Mkono wa Gia ulibaki hewani. Tetesi akainua birika amimine, likatoa mashapo tu.

Mwalimu aliinuka, akaja dirishani, akavaa miwani. Alikisoma kikaratasi taratibu, kama anayesahihisha daftari.

— Ulimwambia wewe?

— Aliniuliza tu kama kijiweni kuna kichekesho, — alisema Fundi, na machozi yakamtoka mbele za watu. — Nikataka kumchekesha, Mwalimu. Akacheka. Alicheka sana mpaka nikajiona mtu wa maana. Wallahi sikujua. Na nilipojua, niliogopa.

Muuguzi aliiweka pasi chini polepole.

Fundi alingoja kofi, alingoja tusi. Angeshukuru kupata lolote kati ya hayo. Mwalimu alikunja gazeti mara mbili, akakunja tena, akalitia mfukoni.

— Siku ile mlipotoka kumzika, ulikuja hapa na udongo kwenye viatu. Ukakaa karibu yangu.

— Ndiyo.

— Funga kibanda.

— Twende wapi, Mwalimu?

— Makaburini. Ukanionyeshe alipolala mdogo wangu. Mimi sipajui.