Kahawa Mbovu Mara Arobaini

Basi lilipotoka Kabuga, Aurore, mwalimu wa hisabati, alikuwa akisahihisha mitihani, lakini masikio yake yalihamia kiti cha mbele. Kijana aliyejitambulisha kuwa Manzi alikuwa akimweleza mama asiyemjua kuhusu mkataba wake wa kupokea kahawa: programu ya blokcheni, yaani daftari la kidijitali lisilofutika, ya kukagua taarifa za kahawa ya wakulima, itakayowashwa saa sita mchana, na ikishawashwa hairekebishiki tena.

“Mama, nimeujaribu. Nimeupelekea taarifa za kahawa mbovu mara arobaini, na mara zote umekataa.”

Mama huyo, Spès, alikuwa amepokea kahawa kwenye kituo cha kuoshea kwa miaka kumi na miwili. Hakuvutiwa. “Umekataa kwa sababu gani?”

“Sababu iko ya nini? Kukataa ni kukataa.”

“Sha, kijana wangu, mimi nikikataa, namwambia mkulima: hii inaelea majini, ama hii iko ya jana. Nikikataa bila kujua sababu, mimi si mpokeaji, ni ukuta.”

Manzi alifungua kompyuta kwa subira ya mtu anayemridhisha mkubwa wake. Aurore, ambaye humpa sifuri mwanafunzi mwenye jibu lisilo na njia, alirefusha shingo. Kulikuwa na mistari arobaini inayofanana: mtumaji hajasajiliwa. Hakuna kahawa iliyokuwa imekaguliwa.

“Zimeishia mlangoni,” alisema Manzi. “Lakini mama, bado zimekataliwa.”

“Na kahawa nzuri?” aliuliza Spès. “Ulishaipeleka ikapokewa?”

Basi lilisimama Remera. Abiria walianza kushuka, na Manzi, ambaye hakuwahi kuipeleka, alitazama saa. Ilikuwa saa tano na nusu, nusu saa kabla ya mkataba kuwashwa.