Fundo la Tatu la Inayat Masih

Marehemu Inayat Masih alizaliwa tarehe 4 Februari 1951, mtaa wa Basti Nau, mjini Jalandhar, mtoto wa tatu wa Mzee Rehmat na Bibi Sardaran. Alisoma hadi darasa la tano. Ada iliposhindikana, aliondoka shuleni na ramani ya dunia aliyopewa na mwalimu wake.

Mwaka 1965 alianza kushona mipira ya miguu kwa mkono. Mshonaji humalizia uzi kwa mafundo mawili. Yeye alifunga matatu. Msimamizi akamfokea, "We Inayat, hili la tatu la nini?"

"La salamu, bwana. Kuna mtu huko ng'ambo anaupiga mpira huu, nami simjui."

Kutomjua mtu huyo kulimkera maisha yake yote.

Tarehe 9 Novemba 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Kulwant, ambaye hadi leo husema, "Mpira ndiye mke mkubwa, mie wa pili." Baba alikuwa akiweka sindano chini, anashika ramani. Zamani maboksi yote ya mipira yaliandikwa Uingereza na Ujerumani. Halafu yakaja ya Brazili na Afrika Kusini, mwishowe Pune na Guwahati, miji ya nchi yetu wenyewe. Baba akastaajabu: "Kulwant, hawa nao wamepata wapi hela za kuchezea? Si juzi tu sote tulikuwa tunapiga mipira ya matambara?" Kila dereva wa lori la mipira, Baba alimhoji anakoipeleka. Watu walimwona ana wazimu kidogo. Na sisi wanawe pia, nakiri.

Mwaka 2021 mapafu yalimlaza, ramani ikabandikwa kando ya kitanda. Agosti 2023 mjukuu wake Roshni alirudi kutoka shuleni na mpira uliofumuka.

"Babu, tushonee, kesho tuna mechi!"

Alipapasa mishono ya ndani, akahesabu. Mafundo yalikuwa matatu.

"Mmeutoa wapi huu?"

"Shule imenunua dukani. Siku hizi kila darasa lina wake."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Miaka yote namtafuta ng'ambo, kumbe ni wewe!"

Akaushona. Ndio uliokuwa mpira wake wa mwisho.

Alifariki nyumbani tarehe 19 Novemba 2023, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, watoto watatu nikiwemo mimi Sarabjit ninayesoma wasifu huu, na wajukuu saba, akiwemo Roshni, aliyefunga mabao mawili kwenye mechi ile.

Baba, salamu zimefika. Sasa pumzika.