Nilivuna Kabla ya Mkubwa wa Boma

Bwana asifiwe, kanisa! Na ninyi wa nyuma mliokuja kuangalia kama bado niko hai, karibuni pia. Niko hai.

Huko nilikoolewa, kwenye vilima vya juu ya Muhoroni, wananiita Nyar Ahero, yaani binti wa Ahero. Chini kote ni miwa. Sisi wa juu tuna kahawa, kila mtu na kipande chake kidogo. Mume wangu aliniachia shamba la kahawa na watoto, akaenda kwa Bwana. Matanga hayajaisha vizuri, kaka yake mkubwa akatuma habari kwamba atanirithi, niwe mke wake. Nikakataa. Nina mume, amelala pale mbele ya nyumba, na nina Yesu. Tunatosha.

Ndugu zangu, hapo ndipo vita vilianza. Kwetu hakuna anayevuna kabla ya nyumba ya mkubwa kuanza. Ukimtangulia, chira itakupata, ile laana inayokondesha mtu mpaka aishe, yeye na watoto wake. Shemeji alijua hivyo. Basi msimu ulipofika, akakaa. Miti yake michache iliiva, akaiangalia tu. Alikuwa tayari kupoteza kahawa yake kidogo ili mimi nipoteze shamba lote.

Na kahawa haina subira. Mahindi yanaweza kukaa shambani. Kahawa ikishakuwa nyekundu ni siku chache, halafu inageuka nyeusi na kuanguka. Mwaka huo kwenye kiwanda cha kahawa walituambia kuna wanunuzi wanaotaka fungu dogo la mkulima mmoja, lisilochanganywa na la mtu mwingine, mradi awe amechuma nyekundu tupu. Masomo ya watoto wangu yalikuwa yananing'inia kwenye ile miti. Nilimwendea shemeji, nikapiga magoti.

Akaniambia, "Kubali kwanza mambo ya nyumba, ndio tuongee mambo ya kahawa."

Nilitoka pale nimewaka. Asubuhi nikasimama shambani, nikaona za kwanza zimeanza kuwa nyeusi, nikalia. Nikaomba kwa sauti: Bwana, hizi ni wewe umeziivisha. Ni nani huyo amezifunga? Na ule woga ukatoka. Sijui niwaelezeje. Ulitoka tu. Nikafunga kikapu kiunoni, nikaanza kuchuma.

Mama mkwe alikuja mbio, akasimama kando ya shamba ameshika kichwa. "Nyar Ahero, unatumaliza!"

"Ninavuna tu, Mama."

"Na watoto je?"

"Watoto ni wa Mungu. Hata wewe ni wake, Mama. Kuja unisaidie."

Hakuja. Na wiki hiyo hiyo mtoto wangu wa mwisho akashikwa na homa. Ndugu zangu, boma lilijaa! Watu ambao hata pole hawakunipa wakati wa matanga walikuja kuangalia chira ikifanya kazi. Woga ulitaka kurudi, siwafichi. Nikambeba mpaka zahanati, wakampima, ikawa malaria. Akameza dawa, akapona, akaomba ugali na samaki. Nikarudi shambani.

Nilichuma nyekundu tupu. Zikamenywa kiwandani, zikaoshwa, nikashinda kwenye kichanja nikizigeuza juani na kutoa mbovu kwa vidole. Kahawa ile ilionjwa peke yake, ikasifiwa, ikauzwa peke yake. Na kwenye gunia waliandika jina langu. Si la shemeji. Langu!

Watoto wako shule. Na mimi sijakonda, mnaniona.

Juzi shemeji alikuja mwenyewe mpaka kwenye ua wangu, akasimama akichezea kofia. "Nyar Ahero, unaanza kuvuna lini? Watu wanakungoja." Kumbe boma zima limekaa, linaningoja mimi nianze, kana kwamba mkubwa sasa ni mimi!

Nikamwambia, "Msiningoje, shemeji. Zako zikiwa nyekundu, chuma."

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye woga, maana chira nilikuwa nayo kweli, na woga ndio uliokuwa chira yangu. Na wewe mama uliyekaa hapo, unangoja mtu akuruhusu kugusa kile Mungu amekuivishia, mtegemee Yeye. Chukua kikapu. Kesho asubuhi mimi nitakuwa shambani kwangu, nachuma.