Adhabu Aliyoibeba Odiel

Familia ya Hoornaert inawasomea ninyi mliofika leo katika kanisa la Oosterwalle maisha ya mzee wetu Gilbert, kiungo wa timu ya kijiji hiki kwa misimu kumi na minane, aliyezaliwa hapahapa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tatu wa mkulima wa viazi.

Alisomea ufundi bomba mjini Diksmuide, akaanza kazi mwaka 1966, akaifanya siku za juma tu, kwa kuwa Jumapili ilikuwa ya mpira, na mpira wa madaraja ya mkoa haumlishi mtu zaidi ya bia na supu baada ya mechi. Alimuoa Lutgard tarehe 13 Mei 1972, siku iliyoidhinishwa na katibu wa klabu baada ya kuitazama ratiba ya ligi, wakajaliwa mabinti wawili, Greet na Hilde.

Tarehe 18 Machi 1973, katika ukungu mzito, Gilbert alimpiga mtama mshambuliaji wa wageni, mwamuzi akafika amechelewa, akamtoa nje Odiel Casteleyn, kiungo mwenzake na jirani yake wa ukuta mmoja, na Odiel aliposema si yeye, mwamuzi akamjibu kwamba bado hajakutana na aliyetolewa akakubali kuwa ndiye. Gilbert alinyamaza. Odiel akafungiwa majuma sita, na ndani ya majuma hayo wakaja wajumbe wa klabu ya daraja la pili kumtazama, wakamkuta amesimama nje ya kamba ya uwanja na koti lake, wakanywa kahawa, wakaondoka, wasirudi tena. Gilbert alifunga bao siku hiyo ya wajumbe, na nyumbani kwake halikutajwa kamwe.

Mwaka 1985 alivaa suti yake ya harusi, akaenda kukiri kwenye ofisi moja ya mpira mkoani, karani akampekulia faili na kumweleza kwamba muda wa malalamiko ulikwisha zamani.

“Kwa karatasi zetu, bwana, wewe hujamgusa mtu.”

“Lakini nilimgusa.”

“Basi usimguse tena.”

Jioni hiyo akagonga mlango wa Odiel, aliyekuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia.

“Nilijua siku zote, we Gilbert. Nilikuwa nyuma yako.”

“Utanisamehe?”

“Ntafikiria. Jumamosi njoo, bomba la jikoni linavuja.”

Bomba lilipona, likafuata la bafuni, kisha viazi vya kuchimba, kisha karata, Jumamosi baada ya Jumamosi, na kila Gilbert alipouliza aliambiwa, “Bado nafikiria, usinikimbize,” mpaka wote wawili wakawa wazee.

Aliugua saratani ya kongosho Septemba 2022, akalazwa Roeselare, akafariki tarehe 14 Februari 2023, akiwa bado anauliza kama Odiel amesema neno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi bomba wenzake. Odiel, aliyekaa nasi mstari wa mbele, ametuomba tumsomee Gilbert haya, kwa kuwa yeye mwenyewe hataweza: “Nilikusamehe palepale mlangoni. Sikusema, maana nyumba ilikuwa kimya, nikaogopa ukishasamehewa hutakuja tena. Sasa nisamehe wewe.”

Pumzika kwa amani, Gilbert, Jumamosi hii ni yako.