Mzee Enock Semboja, Dereva Asiyezaliwa na Udereva

Baba mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani mliokesha nasi tangu Jumatatu, poleni. Mimi ni Asnath, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha ya baba yetu, na nitayasoma yalivyokuwa.

Mzee Enock Abraham Semboja alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Vuga, wilaya ya Lushoto, akashushwa na wazazi wake Mombo akiwa mdogo, akasoma shule ya msingi hapo Mombo kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, darasani hakuwa wa kwanza wala wa pili, hakuwa mwepesi wa lolote, na hilo alikuwa akilisema mwenyewe bila aibu.

Mwaka 1976 alianza kazi ya utingo kwenye lori la mboga lililokuwa likishuka Lushoto kwenda Tanga, akajifunza kuendesha taratibu kuliko wenzake wote, mtihani wa udereva akaufeli mara mbili, akaufaulu mwaka 1981. Kwa sababu alijijua kuwa hana wepesi, alijiwekea utaratibu wa kulizunguka gari kila asubuhi kabla ya kuwasha, kushika kila nati ya tairi kwa mkono, kutazama mafuta na maji, kukanyaga breki na kuisikiliza, na hakuwahi kuuacha, iwe mvua, iwe sikukuu.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa hapa Korogwe na mama yetu, Serafina, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Janeth na Clinton, na wajukuu watano.

Mwaka 1998, akiendesha basi la Korogwe kwenda Handeni, asubuhi moja aliona breki ikikanyagwa inazama hadi chini, akakataa kuliondoa basi, mwenye basi akamwambia mbele ya abiria, "Semboja, wewe si dereva, wewe ni mwoga mwenye leseni," akampa mtu mwingine ufunguo, na basi likaenda Handeni likarudi salama. Baba akapoteza kazi, stendi nzima ikamcheka, sisi watoto tukachekwa shuleni, akalima mahindi Kwedizinga misimu miwili. Mama alipomuuliza kama hajuti, alijibu, "Limefika, nimefurahi. Wakinipa tena lile lile, nakataa tena."

Mwaka 2000 alipata kazi ya kuendesha gari la wagonjwa katika kituo kimoja cha afya Handeni, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2018, na katika miaka hiyo yote hakuna mama mjamzito aliyejifungulia njiani kwa sababu gari limeharibika. Watu wakamsifu kwamba ana kipaji, nanyi tangu Jumatatu mmetuambia hivyo hivyo, mkidhani mnatufariji. Sifa hiyo ilimkera sana, kwa maana aliona madereva wenzake wanajifichia humo, akawaambia, "Nimezaliwa nikilia kama ninyi, gari nimelikuta ukubwani." Wakacheka, na kesho yake wakawasha magari bila kuyatazama.

Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, akitoka Handeni kuja harusini Korogwe, alipanda Noah ya kijana anayeitwa Faraji, ambayo ilikuwa imebadilishwa tairi alfajiri kwa pancha, baba akainama akashika nati akaona hazijakazwa, akamwomba azikaze. Faraji akamjibu, "Mzee, mimi udereva nimezaliwa nao, panda twende," abiria wakalalamika kwamba wanacheleweshwa, gari lingine halikuwepo, baba akapanda. Kabla ya kufika Sindeni tairi la nyuma likachomoka, gari likapinduka, wengine wakapata michubuko, baba akavunjika nyonga na kuvuja damu kwa ndani.

Alilazwa hapa Korogwe, akafanyiwa upasuaji, siku chache baadaye Faraji akaja wodini akapiga magoti akalia. Baba akamwacha alie, kisha akamuuliza, "Sasa kesho asubuhi, ukifika kwenye gari, utaanza na nini?" Faraji akarudia tu kuomba msamaha, na baba akageuzia uso wake ukutani. Alifariki Jumatatu tarehe 16 Juni, saa kumi na moja jioni.

Wengi mmetuambia siku yake ilikuwa imefika. Sisi familia tunamheshimu Mungu, lakini hatutamsingizia kazi ambayo spana ingeimaliza kabla chai haijapoa. Faraji yupo hapa, amekaa na vijana waliochimba kaburi, hatukumfukuza, na hatujajua bado tumwambie nini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Korogwe na Kwedizinga kwa kuni, maji na mikono yenu, na wafanyakazi wenzake wa zamani mliotoka Handeni kuja kumsindikiza.

Baba, sisi bado tuna hasira, tuachie hiyo. Wewe pumzika kwa amani.